Siku Tano Bila Kidonge

Maumivu yalirudi kwenye taya, si kifuani. Mwalimu wa udereva alikuwa amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki yake ya pili, na mwanafunzi wake, mama mmoja mshonaji wa mapazia, alikuwa akijifunza kuondoka na gari mlimani. Gari likaanza kurudi nyuma. Siku zote mwalimu huyu hukanyaga breki kabla mwanafunzi hajajua kwamba amekosea. Safari hii gari lilirudi hatua nne, tano, lori la mchanga lililokuwa nyuma likapiga honi ndefu, na aliyevuta hendibreki alikuwa yule mama mwenyewe.

"Mwalimu, vipi? Mbona hukukanyaga?"

"Nilikuwa nakupima."

Yule mama akageuka akamtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka mwalimu kutoka kwenye nywele mpaka shingoni, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi.

"Washa indiketa," mwalimu akasema, "tuegeshe pembeni."

Wanafunzi walimwita Kioo, kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku: kioo kwanza. Kioo kabla ya kuondoka, kioo kabla ya kukata kona, na kioo kabla ya kupiga chafya, kama walivyozoea kumtania. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiti cha abiria. Nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake. Wakimpungia mkono barabarani hakuwapungia. Aliwaonyesha kwa kidole warudishe mikono yote miwili kwenye usukani.

Taya lile alilijua vizuri. Miaka sita iliyopita lilipoanza kumuuma alikwenda kwa daktari wa meno, akang'olewa jino zima lisilo na kosa. Wiki moja baadaye akaanguka kwenye ngazi za nyumba yao, ndipo ikajulikana kwamba tatizo ni mishipa ya moyo. Walimpitishia waya mkononi mpaka moyoni, wakamwekea stenti mbili, vile vibomba vidogo vya wavu wa chuma vinavyotanua mshipa ulioziba. Miaka minne ikapita, wakamwongezea ya tatu.

Daktari wa kliniki, mzee mwenye sauti ya chini, alimpa aspirini na kidonge kingine cha kuyeyusha damu. Akakigonga kile cha pili kwa ukucha. "Hiki usiruke hata siku moja. Ukikiruka, damu itaganda ndani ya vibomba, na hutapata muda wa kunipigia simu."

Kioo angeweza kulichukulia neno hilo kama maneno ya madaktari tu, lakini kwenye benchi la kliniki alikuwa na rafiki, mpaka rangi mmoja, mcheshi, aliyewekewa stenti wiki moja na yeye. Mpaka rangi alisafiri kwenda kwenye arusi ya mpwa wake akasahau dawa nyumbani. Siku tisa. Siku ya kumi akaanguka na sahani mkononi, na hakuamka. Tangu hapo Kioo alimeza kidonge chake kila asubuhi kabla ya chai, kabla ya salamu, kabla ya kuvaa viatu. Akiwa na homa alimeza. Mkewe alipokuwa na uchungu wa kufiwa na mama yake, nyumba imejaa watu, alipenya katikati ya waombolezaji akaenda kumeza.

Mshonaji wa mapazia alizima gari, akatoa ufunguo na kuutia kwenye mkoba wake.

"Mwalimu, mimi siligusi tena gari hili mpaka uende hospitali. Na nitakuuliza cheti. Usipokwenda, nampigia mkeo."

"Humjui mke wangu."

"Ndiye aliyenifundisha kutoa doa la mafuta kwenye pazia. Namba yake ninayo."

Ndivyo alivyokwenda.

Picha ya mishipa ilichukuliwa akiwa macho, amelala chali, akitazama moyo wake kwenye skrini ukipiga kama ngumi inayokunjwa na kukunjuliwa. Daktari mzee aliirudisha picha nyuma mara tatu. Mwishowe akasema, "Vibomba viwili vimesinyaa kwa ndani. Na hapa kwenye shina, mshipa mkubwa wa kushoto, pamebaki uwazi wa uzi. Siwezi kuongeza kibomba hapo. Nitakuwa naweka kiraka juu ya kiraka. Inabidi ufunguliwe kifua."

Mkewe, msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli moja, aliomba ruhusa kazini na kwenda naye kumwona daktari wa upasuaji. Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Aligeuza fomu moja akachora moyo nyuma yake kwa kalamu.

"Tutachukua mshipa mguuni na mwingine ndani ya kifua, tutaunganisha kabla na baada ya palipoziba. Damu ipite pembeni. Kama barabara ikifungwa, magari yanapitishwa mchepuko."

"Mchepuko naujua," Kioo alisema. "Ninaowaogopa ni wakandarasi."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa nisikilize. Kile kidonge cha kuyeyusha damu unaacha kuanzia kesho. Aspirini utaendelea nayo. Tunahitaji siku tano kitoke mwilini, la sivyo nikikufungua damu haitakata. Siku hizo tano utalala hapa wodini, na dripu itafanya kazi ya kidonge kwa muda."

"Na vibomba vyangu?"

"Ndiyo maana nakulaza. Tutakuangalia."

Kioo akaitikia kwa kichwa. Mkewe aliyaandika yote kwenye daftari dogo, akapigia mstari neno *unaacha*.

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Jirani yake wa kushoto alikuwa mwenye bucha, mtu mnene mwenye mikono mikubwa, naye akisubiri upasuaji kama huo huo. "Mimi nimefungua vifua maisha yangu yote," alimwambia Kioo jioni ile. "Sikujua zamu inazunguka."

Asubuhi iliyofuata sista alileta vidonge kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Kioo akavihesabu. Kimoja kilikosekana, kama alivyoambiwa. Akavimeza, akamshukuru sista. Sista alipokwenda kitanda cha pili, Kioo alifungua mfuko wake wa miwani, mgumu, wa kufunga kwa zipu, akabandua kidonge kwenye karatasi ya fedha iliyofichwa chini ya kitambaa, akakimeza bila maji.

Hakuwa mtu mkaidi. Ungemuuliza siku ile angekuambia kwamba anamwamini yule daktari mfupi. Lakini daktari mfupi alikuwa amemjua kwa saa moja, na mpaka rangi alikuwa amekufa kabisa. Miaka sita mwili wake ulikuwa umefundishwa kitu kimoja, na sasa mtu anamwambia kwa sentensi moja kwamba kitu hicho hicho ndicho kitakachomuua. Alijaribu. Siku ya pili alikaa mpaka saa nne bila kumeza, akisikiliza kifua chake kama dereva anayesikiliza injini inayogonga. Saa nne na robo akaufungua mfuko wa miwani.

Siku ya tatu mwenye bucha alimwona.

"Hicho ni nini?"

"Cha kichwa."

Mwenye bucha akajigeuza kitandani. "Ndugu yangu, mimi si daktari. Lakini ng'ombe akiwa hajakauka damu, nyama haikatiki ikaeleweka. Kama ni kile nilichokatazwa hata mimi, waambie."

"Nitawaambia."

"Leo?"

"Nitawaambia."

Siku ya nne mwenye bucha alipelekwa chumba cha upasuaji, na Kioo hakupata tena wa kumtazama. Akameza. Siku ya tano, ambayo ndiyo ilikuwa ya upasuaji wake, akameza cha tano alfajiri, wakati sista akinyoa kifua cha mtu mwingine nyuma ya pazia.

Saa mbili asubuhi alikuwa tayari: kifua na mguu vimenyolewa, vazi la kijani limefungwa mgongoni. Daktari wa usingizi alikuja na karatasi yake.

"Una mzio wowote?"

"Hapana."

"Meno ya bandia?"

"Hapana. Ila nina pengo moja la kuonewa."

"Kidonge cha kuyeyusha damu, cha mwisho umemeza lini?"

Kioo alitazama dari. "Siku tano zilizopita."

Daktari akaandika. Kitanda cha magurudumu kikaanza kusukumwa. Mkewe alitembea ubavuni, na binti yao mkubwa, karani wa mahakama, alifuata nyuma amebeba mfuko wa nguo. Kwenye korido mkewe akanyoosha mkono. "Nipe miwani. Huko haingii."

Akavua akampa.

"Na mfuko wake."

"Mfuko acha."

"Wa nini sasa?" Mkewe akauchukua kutoka chini ya shuka, akafungua ili atie miwani. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimenyanyuka. Akaivuta karatasi ya fedha, akaigeuza. Matundu matano yalikuwa wazi, na vidonge vitano bado vimekaa.

Alimtazama tu mumewe, huku akiendelea kutembea kwa sababu kitanda kilikuwa kinaendelea kwenda.

"Za zamani hizo," Kioo alisema.

Msukumaji alikuwa akipiga mluzi kwa chini. Milango miwili yenye vioo vya duara ilikuwa mbele yao, hatua kumi hivi. Mkewe aliikunja ile karatasi kiganjani mwake. Kioo aliiona ngozi ya mkono wake, ile iliyokwaruzwa na sabuni kwa miaka mingi, ikikazana juu ya karatasi, na akajua kwamba kama hatasema yeye, mkewe atasema, na kwamba hilo halitasahaulika kati yao.

"Simamisha," alimwambia msukumaji.

"Mzee, tunasubiriwa."

"Simamisha kitanda. Mwiteni daktari."

Daktari mfupi alitoka amevaa kofia ya upasuaji. Kioo alimweleza bila kupunguza: vidonge vitano, siku tano, cha mwisho saa kumi na moja alfajiri ya leo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Unajua kingetokea nini? Ningekata mfupa wa kifua, ningekuunganisha vizuri, kisha ningesimama pale saa tatu, saa nne, nikiiangalia damu ikitoka kila mahali bila kuganda. Na ningejiuliza nimekosea wapi."

"Samahani, daktari."

"Usiniombe samahani mimi. Rudi wodini. Tunaanza kuhesabu upya."

Walipofika kitandani binti alitaka kuzungumza, mama yake akamwambia atoke nje kidogo. Kisha akavuta kiti.

"Nilikuandikia kwenye daftari," alisema. "Nikapiga mstari."

"Niliogopa."

"Na mimi? Mimi ningekaa kwenye lile benchi saa sita, waje waniambie damu imegoma, na mfuko wa miwani niko nao mapajani. Ningeufungua lini? Baada ya mazishi?"

Mkewe alimsachi kama askari: chini ya mto, kwenye viatu, kwenye kopo la poda, ndani ya kifuko cha mswaki. Alichokuta kingine ni peremende. Akaichukua na hiyo. Kuanzia siku ile alifika kila asubuhi kabla ya kazi, akasimama mpaka sista agawe dawa, akamwambia mumewe afungue mdomo ainue ulimi, mbele ya wodi nzima.

Siku ya kwanza bila kidonge ilipita. Ya pili ikapita, na Kioo akaanza kulala.

Siku ya tatu, saa nane mchana, taya likashika. Halikuanza pole pole. Lilishika kama koleo, likashuka begani na kwenye mkono, na mashine iliyokuwa pembeni ikaanza kulia. Masista watatu walikuja mbio. Wakamtia dawa chini ya ulimi, wakaongeza dripu, wakambandika waya za kupima moyo kifuani. Mkewe alikuwa zamu ya mchana, hayupo. Aliyekuwepo ni binti, amebanwa ukutani kati ya kabati na dirisha.

Daktari mfupi alifika, akaushika ule ukanda wa karatasi uliotoka mashineni, akausoma mara mbili. Daktari kijana aliyekuwa naye akauliza, "Tumpeleke sasa?"

"Nikimpeleka sasa atavuja. Nisipompeleka, shina likifunga ndani ya saa moja, tumempoteza." Alisema haya bila kujificha, Kioo akisikia. Kisha akainama. "Mzee, niambie ukweli, maumivu ni mangapi kutoka sifuri mpaka kumi."

"Nane."

"Ukweli?"

"Tisa."

Akakaa. Alivuta kile kiti cha mkewe akakaa, daktari wa upasuaji, mkono wake kwenye kifundo cha mkono wa Kioo, macho kwenye skrini. Kila baada ya dakika chache alikuwa akiuliza namba. Tisa. Tisa. Nane. Binti baadaye alisimulia kwamba alikuwa akihesabu vigae vya sakafuni, na kila akifika mwisho anasahau jumla. Saba. Saa ya ukutani ilifika tisa kasorobo. Tano. Saa tisa na nusu Kioo alisema mbili, na daktari akainuka, akanyoosha mgongo.

"Kesho asubuhi tutapima damu inavyoganda," alisema. "Ikiwa inaridhisha, sitangoja siku ya tano."

Vipimo vya kesho yake havikuwa vizuri sana wala vibaya sana. Daktari aliwaita mke na binti akawaambia hivyo hivyo. Kungoja kuna hatari yake, kwenda kuna hatari yake, na yeye angependa kwenda kesho asubuhi akiwa na chupa za kutosha za damu pembeni, ila moyo ukileta fujo tena ataingia saa hiyo hiyo. Mke akauliza, "Ungekuwa baba yako?" Daktari akasema baba yake alikufa kwa ugonjwa huu huu kabla yeye hajaanza chuo, kwa hiyo hawezi kujua. Kisha akasema, "Ningengoja mpaka kesho." Wakatia saini.

Safari hii daktari wa usingizi alipouliza swali lake, aliyejibu ni mkewe, na siku alizitaja kwa majina. Kioo alipigwa nusu kaputi saa mbili na dakika ishirini.

Upasuaji ulichukua saa tano. Mke na binti walikaa kwenye benchi la korido. Binti alileta chai ikapoa, akaleta nyingine nayo ikapoa. Daktari alipotoka, alama za kamba za barakoa zikiwa bado mashavuni, alisema mishipa mitatu imeunganishwa na moyo umeshika mwendo wenyewe. Mkewe akataka kusimama amshukuru.

"Bado," daktari alisema. "Tuone chupa."

Chupa ilikuwa chini ya kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mipira miwili ilitoka kifuani mwa Kioo kuleta humo damu iliyokuwa ikivuja ndani. Sista alibandika utepe mweupe ubavuni mwa chupa, na kila nusu saa alichora mstari pale damu ilipofika na kuandika saa. Mke aliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Hakumtazama mumewe, ambaye alikuwa kama mtu mwingine, uso umevimba, bomba mdomoni. Alitazama utepe.

Mstari wa kwanza na wa pili uliachana kwa upana wa vidole vitatu. Wa pili na wa tatu, vitatu tena. Sista akapiga simu. Daktari mfupi alikuja, akachuchumaa mbele ya chupa kama mtu anayechungulia chini ya gari, akaagiza damu na dawa za kuigandisha. Akamwambia mke kupitia mlango uliofunguliwa nusu, "Mstari ujao ukiwa hivi, namrudisha ndani, namfungua tena."

Nusu saa ile mkewe hakuomba dua iliyoeleweka. Alikuwa akisema neno moja tu, "Kata, kata, kata," kwa sauti ndogo, na binti alidhani anamwambia mtu fulani akate simu.

Sista akachora mstari. Vidole viwili.

Daktari akauangalia, akaangalia saa, akasema tungoje mwingine. Mwingine ukawa kidole kimoja na nusu. Wa baada ya hapo ukawa kidole. Jioni ile ile mistari ilikuwa imekaribiana mpaka maandishi ya sista yakawa yanagusana, na hapo ndipo mkewe alipokaa chini, pale pale sakafuni, akavua viatu.

Kioo aliamka na bomba mdomoni, asiweze kusema. Walipolitoa, neno la kwanza lilikuwa maji. Kupona kulikuwa kazi ndefu kuliko alivyoambiwa. Akikohoa ilibidi aukumbatie mto kifuani mfupa usitikisike. Mguu walikotoa mshipa ulimwasha kuliko kifua kilivyomuuma. Wiki ya tatu nyumbani alianza kulia ovyo, mchana kweupe, kwa sababu ya kitasa kilichogoma au mkate ulioungua, na akaona aibu mpaka mwenye bucha, aliyekuwa amepona kabla yake, alipompigia simu na kumwambia, "Mimi jana nimelilia mizani."

Kile kidonge kilirudishwa, safari hii kwa amri ya daktari mfupi mwenyewe, na aspirini yake. Miezi mitatu baadaye shule ya udereva ilimpa darasa la alama za barabarani. Mwezi wa tano akarudi kwenye kiti cha abiria, na mwanafunzi wa kwanza hakuwa mshonaji wa mapazia, maana huyo alikuwa ameshapata leseni yake kwa mwalimu mwingine, na Kioo alinuna wiki nzima.

Jumapili moja mchana alikuwa amekaa mezani akila, na mkewe kando yake akikunja nguo. Bila kumtazama, mkewe akasema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba maumivu yamerudi. Kabla ya yule mshonaji. Wiki mbili kabla. Nilikuta maganda ya zile dawa zako za maumivu, za kuweka chini ya ulimi, kwenye suruali yako. Manne. Wiki iliyofuata, saba."

Kioo akaacha kijiko. "Na hukusema?"

"Nilijua nikisema watakufungua." Alilainisha kola ya shati kwa kiganja, akaigeuza, akailainisha tena. "Nikayatupa. Kila siku nikifua nayatupa, najiambia labda kesho sitayakuta."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli. Kioo akavuta nusu ya lundo la nguo upande wake na kuanza kukunja. Alikuwa hajui kukunja. Mkewe alimwacha mpaka shati la tatu, kisha akamwambia mikono inaingia ndani, si nje, na akamshika vidole kumwonyesha.